Kuchora kwa Penseli Nyeupe Laini Kwenye Karatasi Nyeusi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mara ya kwanza nilipomchora bibi yangu kwenye karatasi nyeusi, aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kimya kimya. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mbona umenipausha hivi? Mafuta yameisha humu ndani?"

Ilikuwa mwezi wa saba, Tukuyu, baridi ya kukausha midomo, na kopo la mafuta ya mgando lilikuwa pale pale dirishani. Bibi hajawahi kushika penseli ya kuchorea, lakini aliliona kosa ambalo mimi sikuliona kwa siku tatu nilizoinamia kazi ile. Nilikuwa nimesambaza weupe uso mzima, kwa chaki ya ubaoni na penseli nyeupe ya kwenye boksi la rangi za watoto, nikidhani nachora ngozi yake. Ngozi yake ilikuwa tayari kwenye karatasi. Kilichobaki kwangu kilikuwa mwanga ulioiangukia, basi.

Baadaye nilipata penseli nyeupe laini, ile inayouzwa kwa jina la mkaa mweupe, pamoja na kijiti kimoja cha pasteli laini nyeupe. Nimevitumia hapa Mbeya masika na kiangazi, nimeharibu manila za kutosha, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kifaa chenyewe, na namna ya kukijaribu

Mkaa mweupe si mkaa. Mkaa ni kaboni, nayo ni nyeusi. Ndani ya penseli hizi kuna unga mweupe wa madini: mara nyingi kalisi kaboneti, jamaa wa mawe ya chokaa yanayosagwa Songwe kwa ajili ya saruji, au titani dioksidi, ambayo ndiyo inayoipa rangi nyeupe ya ukutani nguvu ya kufunika. Unga huo unashikanishwa na gundi kidogo. Gundi ikiwa kidogo, penseli inakuwa laini na inaacha weupe bila kukandamizwa. Ikizidi, penseli inakuwa ngumu na inakwaruza. Kijiti cha pasteli laini ni ndugu yake: hakina mti wa kukishikia, gundi yake ni ndogo zaidi, na kinamwaga unga mwingi.

Usimwamini muuzaji wala maandishi ya kwenye mti. Beba kipande cha manila nyeusi mfukoni na ujaribu mwenyewe. Kwanza chora mstari kwa uzito wa mkono tu, bila kukandamiza; mstari uonekane wazi. Pili, papasa nusu ya mstari huo kwa kijiti cha pamba cha masikioni. Ile nusu igeuke kuwa ukungu ulio sawa, bila alama ya mstari kubaki chini yake. Tatu, kandamiza mahali padogo kama punje ya mchele. Weusi wa karatasi ufunikwe kabisa. Katika yote hayo sikiliza. Penseli nzuri ina sauti ya kitambaa kinachopita mezani. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, kuna chembe ngumu ndani, na chembe hiyo itakuchania karatasi siku kazi iko karibu kwisha.

Nimezipitisha chaki na penseli nyeupe ya rangi kwenye jaribio hilo hilo. Chaki inaonekana nyeupe sana unapoichora, ila ukiinua karatasi na kuigonga, nusu ya weupe inaanguka. Usiitupe, ina kazi yake nitakayoieleza. Penseli ya rangi ina nta. Inashika vizuri lakini hailainiki kwa pamba, na baya zaidi, nta inaziba vinyweleo vya karatasi, hivyo pasteli ukiipitisha juu yake inateleza tu. Kama ni lazima uitumie, iwe ya mwisho kabisa, kwa unywele mmoja mmoja.

Kiini cha penseli hizi huvunjika kirahisi. Yangu ya kwanza ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam ikiwa imevunjika ndani kwa ndani, kila nikiichonga ncha inadondoka. Siku hizi naizungushia kitambaa kabla ya safari. Na kichongeo cha kawaida hakiifai, kinaikamua. Tumia wembe: shika penseli, ondoa mti taratibu ukiizungusha, mpaka kiini kitokeze kama sentimita 1. Kisha ncha uipate kwa kukizungusha kiini juu ya msasa laini. Unga unaobaki kwenye msasa ukung'utie kwenye kifuniko cha chupa na uuhifadhi. Ule ni mali.

Karatasi

Manila nyeusi ya dukani inatosha kuanzia. Ina pande mbili, na mara nyingi hazifanani: upande mmoja unateleza, mwingine una ukwaru kidogo. Fumba macho upitishe kidole kwenye kona. Chora upande wenye ukwaru, kwa sababu unga unahitaji mahali pa kujishikiza.

Hali ya hewa yetu ina mambo mawili ya kuangalia. Kwa wenzangu wa Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa ratiba ya mtu, manila inanyonya unyevu, inalegea na kupinda, na penseli laini inaacha mabonge badala ya mstari. Iweke bapa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya ubao, na uitoe siku ya kazi tu. Kuipasha karibu na jiko la kuni hakufai, itavuta moshi na masizi. Iringa na Mafinga kiangazi tatizo ni vumbi jekundu. Likigusa manila nyeusi linaonekana kama kutu, na ukilifuta kwa kitambaa unalizamisha. Lipulize kwa kupepea karatasi nyingine juu yake, usitumie pumzi, maana pumzi ina mate.

Mafuta ya mkono ni adui wa tatu, na wa kila mahali. Alama ya kidole haionekani kwenye karatasi tupu, lakini ukija kupapasa weupe hapo, unga unaganda na kidole kinajitokeza kizima, hadi mistari yake. Nawa kwa sabuni, kausha, na weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote unaochora.

Ngazi tano kabla ya picha

Chora visanduku vitano vya sentimita 3 kila kimoja. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Hicho ni giza. Cha tano kifunike mpaka weusi upotee. Vitatu vya katikati vipandishe weupe hatua kwa hatua, kwa mkono mwepesi kwanza, kisha tabaka juu ya tabaka. Usikimbilie kukandamiza. Ngazi ya pili na ya tatu ndizo zinazowashinda wengi: mtu anatoka gizani moja kwa moja hadi weupe mkali, picha inakuwa kama tangazo lililopigwa chapa.

Nafikiri hapa ndipo karatasi nyeusi inapokuwa ngumu kuliko ya rangi ya wastani. Ile picha ya mikono miwili inayosali, ambayo nakala zake zimetundikwa kwenye sebule nyingi, ilichorwa na Albrecht Dürer wa Ujerumani mwaka 1508 kwenye karatasi ya bluu. Bluu ile ilimfanyia kazi ya katikati; yeye aliongeza giza upande mmoja na weupe upande mwingine. Kwenye nyeusi hakuna wa kukusaidia katikati. Lazima uijenge mwenyewe kwa unga mwembamba.

Utaona pia kuwa weupe mwembamba juu ya nyeusi unaelekea ubluu, na ule mzito ni mweupe kweli. Hujakosea. Ndivyo moshi wa kuni unavyofanya: ukiutazama ukiwa mbele ya ukuta wa jiko wenye masizi unaonekana wa bluu, na ule ule ukitoka nje mbele ya anga jeupe unageuka hudhurungi. Chembe ndogo hutawanya zaidi mwanga wa bluu. Chukua faida ya jambo hilo: sehemu unazotaka ziwe za baridi na za mbali, zipapase nyembamba, za karibu na za moto, zijenge nene.

Kuhamisha mchoro

Mistari ya kutafutia umbo usiichore kwenye manila. Ikikosewa haifutiki vizuri, na penseli ya kawaida inaacha mng'ao wa kijivu utakaokusumbua hadi mwisho. Chora kwanza kwenye karatasi nyeupe, ufute uwezavyo mpaka umbo likubali. Kisha igeuze, upake chaki mgongoni mwote, ukung'ute iliyozidi. Ilaze juu ya manila, ishike kwa tepu pembe mbili za juu, na pitia mistari yako kwa kalamu ya wino bila kukandamiza sana. Ukiinua utakuta umbo limebaki kwa mistari hafifu ya chaki. Hiyo ndiyo kazi niliyosema chaki inayo: inaonekana vya kutosha kukuongoza, na brashi laini inaiondoa ukishamaliza nayo.

Zoezi la yai

Chukua yai la kuku wa kienyeji, lile lenye ganda jeupe. Liweke juu ya kitambaa cha rangi ya wastani, funga pazia, washa tochi ya simu au mshumaa upande wa kushoto, juu kidogo. Chanzo kiwe kimoja tu. Taa ya kukumulikia karatasi iweke mbali, isifike kwenye yai.

Sasa tazama kabla hujagusa kitu. Kuna doa dogo linalong'aa upande wa tochi. Kulizunguka kuna uwanja mpana wa mwanga. Uwanja huo unafifia kuelekea kulia mpaka unakutana na mkanda wa giza. Baada ya mkanda, chini kulia, kuna mwanga hafifu tena, kama yai limewashwa kwa ndani: huo ni mwanga wa tochi uliogonga kitambaa ukarudi juu. Na mezani kuna kivuli.

Anza na uwanja mpana. Chovya pamba kwenye ule unga uliouhifadhi, kung'uta, na papasa kwa mzunguko unaofuata mviringo wa yai. Acha mkanda wa giza bila kuugusa. Pale karatasi inafanya kazi peke yake. Mwanga wa chini upe ngazi ya pili, kamwe si ya tatu. Huu ndio mtego mkubwa wa yai. Jicho linadanganyika kwa sababu mwanga ule umezungukwa na giza, mkono unaukoleza, na yai linageuka kuwa chupa ya kioo. Kisha ongeza tabaka za penseli upande wa tochi, kidogo kidogo, ukilainisha kila tabaka. Lile doa linalong'aa liweke mwisho, kwa kubonyeza mara moja, na usilipapase.

Kivuli cha mezani hakichorwi. Ukitaka kionekane, chora kitambaa kinachokizunguka, kwa ngazi ya pili na ya tatu, na uliache umbo la kivuli likiwa manila tupu. Upande wa kulia, yai linapokutana na giza, usichore mstari wa kufunga umbo. Uache upotee. Jicho la mtazamaji litalimalizia lenyewe, na litafanya hivyo vizuri kuliko penseli.

Rudia yai mara nne au tano kabla ya kwenda kwenye uso. Mimi nililiona zoezi la kitoto nikaliruka, na uso wa bibi ukalipa gharama.

Uso wa mtu mweusi

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Karatasi hii na ngozi zetu vinapatana kwa namna ambayo karatasi nyeupe haiwezi, lakini mifano mingi ya kufundishia kuchora uso inaonyesha ngozi nyeupe. Ukifuata mifano hiyo utapaka ngazi ya tatu na ya nne paji zima, mashavu yote, na mtu wako atatoka kama ametembea Nane Nane uwanja mzima bila kupaka mafuta.

Fikiria tofauti ya ngozi iliyopauka na iliyopakwa mafuta. Iliyopauka inatawanya mwanga kila upande, kwa hiyo ina ukungu wa kijivu mpana usio na kilele. Iliyopakwa mafuta inarudisha mwanga kama kioo: sehemu ndogo zinang'aa sana, na papo hapo pembeni yake panabaki giza tulivu. Kwa mkono maana yake ni hii: ngozi yenye afya ni mng'ao mdogo, mkali, wenye ukingo mmoja wazi na mwingine unaoyeyuka. Ukipapasa kila kitu kwa pamba hadi kilainike, unapausha.

Mweke mtu wako karibu na dirisha, mwanga umpate pembeni. Fumba macho nusu. Utabaki na mabaka machache ya mwanga: paji la uso juu ya jicho la upande wa dirisha, mfupa wa shavu, mgongo wa pua na ncha yake, mdomo wa juu ukingoni, kidevu, labda ncha ya sikio. Yahamishe mabaka hayo tu. Katika uso wa ukubwa wa kiganja, weupe wa ngazi ya tano ukikusanywa pamoja usizidi ukucha wa kidole kidogo. Ngazi ya pili ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya upande wenye mwanga, na upande wa pili wa uso uachie karatasi karibu wote.

Macho yanahitaji tahadhari. Sehemu nyeupe ya jicho si nyeupe. Iko chini ya kivuli cha kope, na ni ngazi ya tatu ikizidi sana. Ukiipa ya tano, mtu anashtuka. Weupe mkali wa jicho ni nukta moja ya dirisha inayoakisika juu ya mboni, na inawekwa kwa ncha iliyochongwa upya. Meno vivyo hivyo: yapapase kwa pamoja kama bonde moja la mwanga, usiyachore moja moja kama punje za mahindi.

Nywele zilizosukwa nazianza kutoka mwanga. Kila tuta la nywele lina mgongo, na mwanga unakaa mgongoni; mifereji ya katikati ni karatasi. Mvi za bibi nilizichora kwa ncha kali, mkono ukienda kwa kasi kutoka kwenye shina kwenda nje, ili mstari uishie mwembamba wenyewe. Mikunjo ya uso wake ilikuwa rahisi kuliko nilivyohofu. Mkunjo ni bonde, na bonde ni karatasi. Unachora kingo mbili tu, ile iliyo upande wa dirisha ikiwa hafifu na ile ya ng'ambo, inayolitazama dirisha, ikiwa na mwanga.

Nilipompelekea picha ya pili aliipeleka mlangoni vile vile. Aligusa hewa juu ya shavu, bila kugusa karatasi. "Hapa ndaga," akasema. Kwa Kinyakyusa ni shukrani, nami nikaichukua kama ruhusa ya kumwonyesha mtu mwingine.

Ukungu na maua, kwa kifupi

Anayetaka mandhari aanze na mlima Loleza, hapa Mbeya, asubuhi ya ukungu. Chovya tishu kwenye unga, ipitishe kwa ulalo pale ukungu ulipo, na mlima wenyewe usiuguse. Ua la pareto, jeupe lenye moyo wa njano, nalo linafaa sana. Petali zilizo mbele zipe ngazi ya nne, za nyuma ya pili, na mpaka kati ya petali na petali uwe ufa mwembamba wa karatasi.

Kulainisha na kufuta

Usilainishe kwa kidole, sababu nimeshaieleza. Pamba, tishu, au brashi ya vipodozi ambayo haijawahi kuona poda vinatosha. Wengine husokota karatasi ngumu iwe kama penseli, na ni kifaa kizuri kwa kona za macho, ila isiwe gazeti. Wino wake utauchafua weupe wako. Kilichogusa mkaa mweusi kisiguse tena mweupe.

Kufuta kwa kusugua kunauzamisha unga. Unatakiwa kuuinua. Ufutio laini unaokandika kama unga wa ngano ndio bora. Ukiukosa, kata selotepu, punguza makali ya gundi kwa kuigandisha na kuibandua kwenye nguo mara mbili, kisha iguse juu ya kosa na uiinue wima. Sehemu laini ya ndani ya mkate mkavu nayo inainua unga, mkate usiwe na mafuta.

Kuhusu vumbi: chora huku ubao ukiwa umesimama kidogo, unga uanguke wenyewe chini, na weka kitambaa chenye maji ukingoni kiupokee. Usiupulize kwa mdomo. Mwenye pumu avae barakoa, na meza isiwe ile ya kulia chakula.

Kupiga picha na kuhifadhi

Kamera ya simu ikiona karatasi nyeusi hudhani chumba ni cheusi, inaongeza mwanga, na manila yako inatoka kijivu. Peleka kazi kivulini nje au karibu na dirisha, zima flashi, gusa kioo cha simu juu ya sehemu nyeupe kabisa ya mchoro, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka nyeusi irudi kuwa nyeusi.

Dawa ya kupuliza ya kushikiza unga inapunguza weupe; ngazi ya tano inashuka hadi ya nne. Ukiitumia, simama sentimita 30, pitisha pazia jembamba, subiri likauke, urudie, halafu uweke upya zile nukta kali na uziache bila kupuliziwa. Dawa ya nywele nimeiacha, inageuka njano kadiri muda unavyopita. Kazi isiyo na fremu ifunike kwa karatasi ya kuokea keki na uilaze, isikunjwe wala kuviringishwa.

Kwa fundi fremu omba kioo halisi, si plastiki. Plastiki ikisuguliwa kwa kitambaa inapata umeme wa kuvuta na kunyonya unga kutoka kwenye karatasi. Omba pia vipande vya kadibodi pembeni ili kioo kisiguse mchoro. Na jua letu la mita 1,700 juu ya bahari lina nguvu hata siku unayovaa sweta: manila ya kawaida hupauka ikikaa mbele yake. Ya bibi iko ukuta wa ndani, mkabala na mlango wa jikoni, ambako mwanga unafika jioni tu ukiwa umechoka.